Aliyekunywa dawa ya mbuzi na sisi tunaogawiwa kingatiba: jibu kwa Somoe wa Mikindani

Swali: Shikamoo daktari. Naitwa Somoe, nakaa Mikindani na mama yangu, mdogo wangu wa kiume wa miaka 24 anayeendesha bodaboda, na wanangu wawili: mmoja ana miaka sita, mwingine ana miezi mitatu, bado nanyonyesha. Upele ulituingia nyumba nzima. Mdogo wangu akaambiwa na wenzake kwamba ivamektini ya sindano, ile ya mbuzi, ndiyo kiboko ya upele. Akainunua duka la pembejeo, akavuta bomba zima la mililita 10, akanywa usiku. Kesho yake akaona bado anajikuna, akanywa bomba jingine. Ilipofika jioni alikuwa anayumba, anaona ukungu, ulimi mzito, anasinzia katikati ya maneno. Majirani wakasema kalewa uraka, tukamwacha alale. Alfajiri ikawa kumwamsha ni kazi, tukamkimbiza hospitali. Kule waliweka dripu tu na kumwangalia, dawa ya kuua sumu hakupewa. Siku ya nne akaruhusiwa, anatembea na kuongea vizuri. Sasa wagawa dawa za matende na mabusha wanapita mtaani, nimesoma kopo lao nikakuta jina ni lile lile. Mama anasema humu ndani hamezi mtu. Je, ubongo wa mdogo wangu umeharibika? Na sisi tumeze au tusimeze?

Jibu: Marahaba, Somoe, na poleni sana kwa usiku ule. Nakupa kwanza unachokisubiri, maelezo yatafuata. Kwa jinsi ulivyoeleza, mtu aliyetoka wodini anatembea na kuongea vizuri siku ya nne, ubongo wake kwa kawaida haukupata jeraha la kudumu. Wewe na mama mmeze, isipokuwa kama kuna mojawapo ya sababu za kuacha nitakazozitaja chini. Mdogo wako asimeze safari hii mpaka daktari aliyemtibu aseme. Na chupa ile kama bado imo ndani, itoeni leo, isije ikapatikana na mtoto.

Mama hakukosea kuogopa. Dawa kweli ni moja. Ivamektini iliyomo kwenye vidonge vya kingatiba, hivyo vya matende na mabusha vinavyogawiwa mtaani, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye chupa ya mbuzi, na ilianza kwa wanyama: iliingia sokoni kama dawa ya mifugo mwaka 1981, ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1987. Wagunduzi wake, Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell aliyekuwa akifanya kazi Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo anayekwambia “ile ni ya wanyama, hii ni ya watu, ni vitu viwili tofauti” anataka kukutuliza tu. Tofauti ipo katika kiasi, na kiasi cha mdogo wako nataka tukihesabu pamoja, maana wanaokunywa dawa hizi hawajawahi kukihesabu.

Chupa ya kawaida ya sindano ya mifugo ina nguvu ya asilimia 1. Maana yake kila mililita imebeba miligramu 10. Kwa mbuzi, kondoo au ng'ombe kipimo ni mililita moja kwa kila kilo 50 za uzito, na inachomwa chini ya ngozi. Mbuzi wa kilo 25 anastahili nusu mililita, kiasi ambacho kwenye bomba la mililita 10 kinakaa pale mwanzoni kabisa, hata kukiona ni shida. Mdogo wako alivuta bomba likajaa. Hiyo ni dawa ya ng'ombe wa kilo 500. Ukiigeuza kwa vidonge, mtu mzima mrefu anapewa vidonge vinne vya miligramu 3, jumla miligramu 12, na basi mpaka mwaka mwingine. Bomba moja lilikuwa miligramu 100, sawa na vidonge 33 hivi. Kabla siku haijaisha akaongeza vingine kama hivyo.

Kuna jambo sitalificha, kwa kuwa huenda utalikuta mahali likakuchanganya. Watu wazima wenye afya waliwahi kupewa katika majaribio hadi miligramu 120 kwa mara moja, na dalili za ubongo hazikuonekana. Wapo wanaolishika hilo kama ruhusa. Lakini wale walimeza vidonge, walichaguliwa kwa afya zao na walikuwa chini ya macho ya wataalamu muda wote. Dawa hii ikiwa ya maji huingia damuni karibu mara mbili ya inavyoingia ikiwa kidonge. Halafu mwili huchukua kama saa 18 kupunguza nusu ya kiasi kilichopo damuni, kwa hiyo bomba la pili lilikuta sehemu kubwa ya la kwanza bado imo. Na dawa ya chupa haikuyeyushwa kwa maji. Mara nyingi imeyeyushwa kwa propilini glaikoli na glaiseroli fomali, vimiminika vilivyokusudiwa kuingia nusu mililita chini ya ngozi ya mnyama, wala hakuna aliyevipima vikinywewa bomba zima na mtu mwenye njaa.

Sasa tuje kwenye neva. Ivamektini huua mnyoo na mdudu wa upele kwa kuvishambulia vimilango vidogo vilivyo kwenye neva na misuli yao, vile vinavyofunguliwa na kemikali iitwayo glutameti ili kupitisha kloridi. Dawa inavishika vikiwa wazi na kuvizuia visifunge. Kloridi inaingia bila kikomo, neva inashindwa kupeleka ujumbe, mdudu anapooza na kufa. Binadamu hana vimilango hivyo, na hapo ndipo usalama wa dawa hii unapoanzia. Ila tunavyo vya jamaa hiyo, vinavyofunguliwa na gaba na glaisini, na sisi tunavyo ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Ivamektini ikifika huko kwa wingi, navyo itavishika. Kazi ya gaba ni kutuliza ubongo. Ukiutuliza kupita kiasi, mtu anayumba, anasinzia, anachanganyikiwa, macho yanashindwa kuona sawasawa, na ikizidi anapoteza fahamu, anaweza hata kupata degedege.

Kinachotuokoa siku zote ni kwamba dawa haifiki huko kwa wingi. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zina protini zinazofanya kazi ya pampu: ivamektini ikipenya, zinaikamata na kuirudisha damuni. Wewe wa Mikindani umeshamwona mtu akifua maji ndani ya ngalawa. Maji yanapoingia kidogo kidogo, anayefua anayamudu safari nzima. Likiingia wimbi zito, na la pili likifuata kabla hajamaliza la kwanza, chombo kinajaa ingawa mfuaji hajaacha kufua. Vidonge vinne ni maji ya kawaida ya safari. Alichokunywa mdogo wako yalikuwa mawimbi mawili.

Habari ya pampu hizi ilijulikana kwa ajali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walikuwa na panya waliowatengeneza bila pampu hiyo ili kujifunza kazi yake. Panya wa maabara wakaingiwa na wadudu wa ngozi, wakapuliziwa ivamektini kama ilivyokuwa desturi. Panya wa kawaida hawakupata neno. Wasio na pampu wakafa. Walipopimwa, ubongo wao ulikuwa umebeba dawa karibu mara mia ya ubongo wa wenzao. Matokeo yakachapishwa mwaka 1994, na yakaeleza jambo lililokuwa likiwasumbua madaktari wa mifugo tangu zamani, kwamba mbwa wa aina ya collie wanaanguka na kupoteza fahamu kwa kipimo ambacho mbwa wengine hawakihisi. Mwaka 2001 ikathibitika kuwa wengi wa mbwa hao wanazaliwa na kasoro kwenye jeni, yaani maagizo ya urithi, ya kutengeneza pampu. (Mwenye mbwa wa kigeni wa ukoo huo, hata hapa Mtwara, amwambie mtaalamu wa mifugo kabla ya sindano.)

Kwa binadamu kasoro kama hiyo ni nadra mno, lakini ipo. Mwaka 2020 madaktari wa Ufaransa walieleza habari za mvulana wa miaka 13 aliyemeza kipimo cha kawaida kabisa kwa ajili ya upele, na saa chache baadaye akapoteza fahamu. Uchunguzi ulionyesha amerithi jeni mbovu ya pampu kutoka pande zote mbili za wazazi. Alipona ndani ya siku mbili hivi. Namtaja kwa sababu mbili. Kwanza, hata kipimo sahihi kinahitaji mtu wa kukuangalia baada ya kumeza. Pili, hata yeye, ambaye mlinzi wake alikuwa hayupo kabisa, ubongo ulirudi. Dawa hii inazinyamazisha neva kwa muda. Ikiondoka, neva huendelea na kazi. Hatari ya kudumu hutoka kwenye yale yanayotokea wakati mtu amelala fofofo: kukosa pumzi, kupaliwa na matapishi, kuanguka na kuumia kichwa, degedege refu.

Ndiyo maana ule usiku aliolazwa mkidhani kalewa unanisikitisha kuliko bomba lenyewe. Siwalaumu majirani. Pombe nayo inagusa vimilango vya gaba, kwa hiyo mwenye sumu ya ivamektini anafanana na mlevi kwa kila kitu: miguu, ulimi, macho, usingizi. Msimu wa mabibo, uraka ukiwa kila kona, nani atafikiria jingine? Lakini mlevi kadiri saa zinavyokwenda anapata nafuu, huyu anazidi kuzama. Mlevi unamsikia harufu. Na mlevi akiamshwa alfajiri ananung'unika, huyu hajibu. Mtu anayeyumba na ninyi mnajua hakunywa, au alikunywa kidogo lakini asubuhi haamki, msisubiri jua lichomoze. Na kama amekunywa vyote viwili, uraka na dawa, hatari inapanda, maana vinasukuma ubongo upande mmoja.

Umesema hospitali waliweka dripu tu. Somoe, walifanya lililotakiwa. Sumu ya ivamektini haina dawa maalumu ya kuiondoa. Kama angefika ndani ya saa moja hivi baada ya kunywa, huenda wangempa mkaa maalumu wa hospitali unaofyonza dawa tumboni. Baada ya usiku mzima nafasi hiyo ilikuwa imepita. Kinachobaki ni kuhakikisha anapumua, shinikizo la damu haliporomoki, hapaliwi, sukari haishuki, na akipata degedege linatulizwa na mtu anayejua, kwa kuwa baadhi ya dawa za degedege nazo zinapita njia ile ile ya gaba na zinataka uangalifu. Kumwangalia mtu saa baada ya saa ndiyo tiba yenyewe. Mwaka 2021, wakati wa korona, Wamarekani wengi walijinywesha ivamektini, na kwa mwezi mmoja wa Agosti kituo cha ushauri wa sumu cha jimbo la Oregon kilipokea simu 21 za watu walioumwa baada ya kuitumia, wengi wao ile ya mifugo. Kulikuwa na waliochanganyikiwa, walioyumba, walioshuka shinikizo la damu, hadi degedege. Waliolazwa nao walitibiwa kwa namna hii hii.

Kuna mambo ambayo mnaweza kuyafanya nyumbani, na mengine msiyafanye. Msimnyweshe maziwa. Najua ndiyo mkono wa kwanza kwa kila sumu huku kwetu, maziwa au mafuta ya nazi, lakini ivamektini inayeyuka kwenye mafuta, na ilishapimwa kwamba mtu akiimeza pamoja na mlo wa mafuta mengi, kiasi kinachoingia damuni kinaongezeka zaidi ya mara mbili. Wala msimtapishe, kwa kuwa anayesinzia atapaliwa. Cha kufanya ni kumlaza ubavu, kutomtia kitu mdomoni, na kumpeleka pamoja na chupa. Chupa yenyewe, siyo maelezo. Maduka ya pembejeo yana chupa zinazofanana kama mapacha: ivamektini, levamisoli ya minyoo, amitrazi ya kuogeshea kupe, na kila moja inaua kwa njia yake na inatibiwa kivyake. Na mwambieni daktari ukweli wote, bomba lilikuwa la ukubwa gani, saa ngapi, mara ngapi. Vijana wengi wanaficha kwa aibu ya kuonekana wamekunywa dawa ya mbuzi, na daktari anabaki kutafuta malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo wakati jibu limo mfukoni mwa mgonjwa.

Kwa mdogo wako sasa hivi, nakuomba jambo moja uling'ang'anie: pikipiki aiache kwanza. Mwambie asimame miguu pamoja, macho yamefumbwa, halafu atembee kisigino kikigusa vidole kwa mstari ulionyooka. Akiyumba hata kidogo, au taa usiku zikimwonekea mbilimbili, bado. Akikaa wiki mbili bila dalili yoyote arudi kazini. Yakija maumivu makali ya kichwa, kuzirai, degedege, ganzi ya upande mmoja au kusahau kusiko kwa kawaida, arudi hospitali, na hapo tutakuwa tunatafuta kitu kingine.

Tuje kwenye kopo la wagawa dawa. Matende na mabusha yanaletwa na minyoo wembamba wanaosambazwa na mbu. Minyoo wakubwa wanakaa kwenye mirija ya limfu miaka kadhaa, na watoto wao wanazunguka damuni usiku, wakati mbu wanauma. Ivamektini pamoja na albendazoli vinawafagia wale watoto, ili mbu akikuuma asipate cha kupeleka kwa jirani, na kwa kuwa minyoo wakubwa wengi wanabaki hai, inabidi kurudia kila mwaka. Pwani yetu hii ya Lindi na Mtwara ugonjwa umekuwa mkaidi. Wazee wanaotembea na mabusha makubwa, kina mama waliovimba miguu mpaka hawawezi kushuka kwenda shamba la mikorosho, hao hatuna haja ya kuwatafuta kwenye picha. Nyumba moja ikigoma, mbu wa mtaa wanabaki na pa kuchota. Kwa hiyo nikisema mmeze, nasema kwa watu ninaowaona kila siku.

Baada ya kumeza, baadhi wanaumwa, na hapa ndipo hofu ya mama inapoweza kupata chakula, kwa hiyo mwelezee mapema. Ndani ya siku moja mpaka tatu mtu anaweza kupata homa, kichwa, viungo kuuma, kizunguzungu kidogo, mwili kuwasha, na wanaume wengine korodani zinauma au mitoki inavimba. Hayo mara nyingi hayatoki kwenye dawa kuingia ubongoni. Yanatoka kwenye minyoo inayokufa, na mwili unaposafisha mizoga yake unawaka. Ndiyo sababu anayeumwa zaidi mara nyingi ni yule aliyekuwa na minyoo mingi, na ambaye hana huenda kazini kama kawaida. Parasetamoli na mapumziko vinatosha kwa wengi. Akianza kuyumba, kusinzia kusikoeleweka au kuchanganyikiwa, hilo ni jambo jingine, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Huenda pia umesikia kwamba ivamektini iliwaingiza watu kwenye koma huko Kameruni. Ni kweli. Afrika ya Kati kuna mnyoo mwingine, loa loa, anayepita mpaka kwenye jicho. Mtu mwenye watoto wa mnyoo huyo zaidi ya 30,000 katika mililita moja ya damu akimeza ivamektini, wanakufa kwa pamoja na madhara yake yanafika kwenye ubongo. Huko huchukuliwa tahadhari maalumu kabla ya kugawa dawa. Mnyoo huyo hapa Tanzania hayupo, kwa hiyo habari zile haziwahusu watu wa Mikindani.

Kopo la kingatiba lina mtu nyuma yake, na mtu huyo ana fimbo ya kupimia urefu. Hiyo fimbo watu wanaidharau, wengine wanamwambia mhudumu aache kuwapotezea muda awape tu vidonge. Iheshimuni. Kwa kuwa mizani haipatikani kila mlango, urefu ndio unaosimama badala ya uzito: sentimita 90 mpaka 119 kidonge kimoja cha ivamektini, 120 mpaka 140 viwili, 141 mpaka 158 vitatu, 159 na kuendelea vinne. Hesabu hiyo ndiyo inayokuweka mbali kabisa na alikofika mdogo wako. Asiyefika sentimita 90 hapewi, na watoto chini ya miaka mitano wanaachwa. Mjamzito hapewi. Mgonjwa aliye hoi hapewi. Aliyejifungua, wiki ya kwanza hapewi. Mbele ya mgawa dawa mseme pia kama kuna mwenye kifafa au aliyewahi kupata degedege ukubwani. Hapo shaka yangu iko kwa albendazoli: mtu mwenye vifuko vya tegu wa nguruwe kichwani, albendazoli ikiviua, ubongo unavimba pembeni yake na degedege linaweza kuamka. Huyo apite kwanza kwa daktari. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au dawa za muda mrefu za virusi aseme vilevile.

Sasa upele, maana ndio uliowafikisha hapa na bado mnao. Hili lilimponza mdogo wako na lingeweza kuzuilika kwa sentensi moja dukani: hata wadudu wakifa wote, kuwashwa kunaendelea wiki mbili mpaka nne. Ngozi bado ina mizoga na kinyesi cha wadudu, na mwili unaendelea kupigana navyo. Kujikuna kesho yake hakukumaanisha dawa imeshindwa. Tena ivamektini haiui mayai, na kwa upele hata tukiitoa kwa vidonge, kwa kipimo cha uzito, tunairudia baada ya siku 7 mpaka 14, mayai yakishaanguliwa. Kurudia baada ya saa chache hakuongezi kitu ila sumu.

Kwenu ningeanza na dawa ya kupaka ile ya BBE (benzaili benzoeti), inayopatikana famasi na vituoni. Mwili mzima kuanzia shingoni mpaka nyayo, katikati ya vidole, makwapani, kitovuni, chini ya matiti, sehemu za siri, chini ya kucha. Nyumba nzima jioni moja, hata asiyewashwa. Ukiacha mmoja, anawarudishia wote. Kwa mtoto wa miaka sita inazimuliwa, na kwa wa miezi mitatu usipake chochote kabla hajaonwa zahanati, kwa sababu kwa wachanga kipimo na dawa vyote vinabadilika na hata kichwa hupakwa. Nguo, khanga na mashuka vifuliwe kwa maji ya moto na vianikwe juani. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko siku tatu nne, mdudu akikosa ngozi hadumu zaidi ya hapo. Na tafadhali, salfa ya kupulizia mikorosho isipakwe. Ni kweli salfa ni dawa ya zamani ya upele, lakini iliyotengenezwa kama marhamu kwa kipimo. Ya shambani inachoma ngozi na macho.

Tena kingatiba yenyewe inaweza kuwasaidia katika hili. Zanzibar, baada ya miaka kadhaa ya kugawa vidonge hivi vya matende, wagonjwa wa upele waliofika vituoni walipungua sana. Mama akisikia hivyo huenda moyo utalainika. Lakini dozi moja ya kingatiba haimalizi upele wa nyumba nzima, mkono wa BBE bado mnauhitaji.

Neno kwa wenye maduka, na nalisema kwa uchungu. Tangu wafugaji wengi walipohamia Lindi wakati wa kuondolewa bonde la Usangu, mwaka 2006 na 2007, ng'ombe wameongezeka kusini na dawa zao zimefuata. Hilo ni jema. Lakini kijana anapoingia dukani anajikuna, anauliza dawa ya mbuzi, na hana mbuzi, muuzaji anaona. Wengine wanamimina kwenye chupa ya soda bila lebo, wanauza kwa vijiko. Ukimwona anayefanya hivyo, toa taarifa kwa mganga mfawidhi wa zahanati yako au kwa afisa mifugo wa kata. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inasimamia dawa za watu na za mifugo pia, kwa hiyo malalamiko hayo yana pa kufika.

Limebaki lako na watoto. Wa miezi mitatu hapewi kitu. Wewe unayemnyonyesha unaruhusiwa, kwa sababu wiki ya kwanza imeshapita na kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo. Ila kama una shaka yoyote ya ujauzito, mwambie mgawa dawa uruke mpaka mwaka ujao. Wa miaka sita asimame kwenye fimbo, apewe kinacholingana na urefu wake, na umwangalie siku hiyo akiwa karibu nawe. Mama, kama ana shinikizo la damu au kisukari na anaendelea na dawa zake vizuri, anaweza kumeza, ila aonyeshe vidonge vyake kwanza. Mdogo wako aende na karatasi aliyotoka nayo wodini, aionyeshe, na jina lake liandikwe kwenye daftari kuwa hakupewa na kwa sababu gani, ili mwakani mhudumu mwingine ajue aanzie wapi.